Sura ya Tano: Mlango wa Chumba cha Mama

Karibu na mwisho wa filamu ya Real Women Have Curves, iliyotoka mwaka 2002, binti mmoja anasimama mbele ya mlango uliofungwa. Anaitwa Ana, ana miaka 18, ni mtoto wa wahamiaji wa Kimeksiko wanaoishi mashariki mwa Los Angeles. Amepata ufadhili wa kusoma chuo kikuu New York. Mizigo iko tayari, baba na babu wako tayari kumsindikiza. Bado mama tu. Ana anagonga, anamwomba atoke ampe baraka zake. Mama yuko ndani, anamsikia, na hatoki. Binti anaondoka hivyo hivyo.

Katika nyumba za Wameksiko, na zaidi katika visiwa vya Karibi vinavyosema Kihispania, mtoto haondoki bila kuaga kwa namna yake. Huomba la bendición, na mama humchorea alama ya msalaba, akamkabidhi kwa Mungu. Puerto Rico hata mtu mzima mwenye watoto wake akimpigia mama simu huanza na neno hilo kabla ya salamu. Sisi wenye neno radhi tunaujua uzito wake. Mtu anaweza kusafiri na nauli pungufu, akala kwa watu, akalala kituoni. Kusafiri bila radhi ya mama ni kubeba kitu ambacho hakuna pa kukitua njiani.

Filamu hiyo ilitokana na tamthilia ya Josefina López, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1990. López aliletwa Marekani kutoka Meksiko akiwa mtoto mdogo, akaishi miaka mingi bila hati, na alipomaliza sekondari alifanya kazi katika karakana ya dada yake ya kushona nguo. Ndiyo karakana tunayoiona: joto, mvuke wa pasi, wanawake wameinama juu ya cherehani. Gauni wanalolipwa dola 18 linakwenda kuuzwa dukani dola 600. Mama yake Ana amefanya kazi tangu ana miaka 13, na anasema wazi kwamba sasa ni zamu ya binti.

Watazamaji wengi hutoka hapo wamemkasirikia yule mama. Mimi humwaza hata siku kadhaa baadaye. Nini kilimkalisha nyuma ya mlango ule? Jibu linalopatikana upesi, hata vyuoni, ni kwamba ndio utamaduni wao. Jibu hilo limenisumbua kwa muda mrefu kwa sababu halielezi kitu. Linamchukua mwanamke aliyeanza kazi akiwa na miaka 13 na kumgeuza kielelezo cha desturi, kana kwamba hakuna aliyewahi kumfanyia jambo, na yeye mwenyewe hajawahi kupiga hesabu ya maisha yake.

Nikimwita mwanamke kama huyu Latina nasema kwa tahadhari. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 62.1 wenye asili ya nchi za Kihispania. Wengi wao asili yao ni Meksiko, lakini wamo Wapuerto Rico, ambao ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917, Wakuba, Wadominika, Wasalvador na wengine. Binti wa mwanasheria wa Kikuba wa Miami na binti wa mvuna nyanya wa Texas hawakulelewa nyumba moja. Hata hivyo ukiwasikiliza, maneno fulani yanajirudia. Aguantar, kuvumilia, kubeba bila kulalamika. El qué dirán, yaani watu watasema nini. Binti akinyamaza ndipo anapendeza. Na lile la mwanamke aliyepitisha umri bila kuolewa, kwamba amebaki kuvisha watakatifu: wenzake wanavisha watoto wao nguo za shule, yeye yuko kanisani anabadilisha kanzu za sanamu.

Mwaka 1973 mwanazuoni wa Marekani, Evelyn Stevens, aliyakusanya haya yote chini ya jina moja, marianismo, kutokana na jina la Bikira Maria. Machismo, alisema, ni sura moja, na hii ndiyo sura yake ya pili: mwanamke mwema ni anayejinyima na kuteseka kimya, na kwa mateso hayo anapata heshima ambayo mwanamume haifikii. Jina likashika. Mwaka 1996 wataalamu wawili wa New York, Rosa Maria Gil na Carmen Inoa Vazquez, waliandika kitabu kizima, The Maria Paradox, kuwasaidia wanawake waliokuwa wakija kwao wamechoka na mzigo huo. Lakini wako wasomi waliolipinga jina lenyewe, mmojawapo mwanahistoria Marysa Navarro, kwamba linamfanya mwanamke wa bara zima kuwa mtu mmoja asiyebadilika. Nami nakubaliana na Navarro zaidi. Marianismo inatuambia mama ananyamaza. Haituambii alijifunzia wapi kunyamaza, wala mbele ya nani.

Tuchukue jambo moja dogo, lugha. Gloria Anzaldúa alizaliwa mwaka 1942 katika Bonde la Rio Grande, kusini kabisa mwa Texas, mahali ambapo familia nyingi zilikuwapo kabla mpaka haujachorwa. Ameandika jinsi alivyopigwa rula vidoleni shuleni kwa kusema Kihispania wakati wa mapumziko. Hakuwa peke yake. Kizazi kizima cha watoto wa Kimeksiko huko Texas kiliadhibiwa kwa kosa hilo, na Wakenya waliowahi kuvishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama wataelewa bila maelezo zaidi. Watoto hao walikua, wakazaa, na wengi wakaapa kwamba wa kwao hawatapigwa. Wakawasemesha Kiingereza tu, hata kama Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kubabaisha.

Leo mjukuu amekua hajui Kihispania. Kuna jina la mtoto wa aina hiyo, no sabo, kutokana na kosa la anayejaribu kusema “sijui” na kulikosea. Wajomba humcheka mezani. Shangazi humwambia ameonea haya asili yake. Anakwenda chuo kulipia masomo ya lugha ambayo bibi yake anaiota usiku. Anaona aibu kwa bibi, bibi anaona aibu kwake, na ile rula, iliyoanza yote haya, hakuna anayeitaja. Bibi hajawahi kuisimulia. Angeanzaje kumweleza mjukuu kwamba alimnyima lugha kwa kumpenda?

Nadhani sehemu kubwa ya kinachoitwa utamaduni katika nyumba hizi imekwenda namna hiyo. Agizo limeshuka kutoka kwa bibi hadi kwa mama hadi kwa binti, na kisa kilicholizaa agizo kimebaki njiani. Usijitokeze: familia ngapi za Kimeksiko zilikuwa na ndugu aliyepakiwa kwenye treni miaka ya 1930, wakati Marekani ilipowarudisha Meksiko mamia ya maelfu ya watu, wengi wao wakiwa raia waliozaliwa Marekani? Usichelewe kurudi nyumbani: mama wa Kisalvador aliyekua wakati wa vita vya 1980 hadi 1992 anajua kilichowapata waliochelewa. Mama anatoa agizo kwa sauti ile ile aliyoisikia yeye. Binti anasikia kufungwa tu.

Na usiende mbali. Hili huwatesa wengi kuliko yote, na hesabu zake ni za mkononi kabisa. Kifungua mimba wa kike katika nyumba ya wahamiaji ndiye mkalimani wa nyumba. Akiwa na miaka 10 au 12 anasoma barua ya mwenye nyumba, anajaza fomu za shule za wadogo zake, anakaa katikati ya daktari na mama yake na kutafsiri mambo ambayo mtoto hapaswi kuyajua kuhusu mwili wa mama. Akikua kidogo anaongeza mshahara. Akipata chuo cha mbali, nyumba haipotezi binti tu. Inapoteza mdomo wake mbele ya serikali, mlezi wa wadogo, na sehemu ya kodi ya mwezi. Washauri wa shule wanaomwona anachagua chuo cha karibu na kuandika kwamba hana ari hawajui amechagua nini. Amepima. Wengine hupima wakaondoka, na hao nao huchukua sehemu ya mzigo pamoja nao, wanatafsiri barua kwa simu katikati ya mitihani.

Sitaki kuyapamba haya. Mzigo kuwa na sababu hakuufanyi kuwa wa haki. Mara nyingi kaka yake binti huyo yupo, ana mdomo na macho, na hakuna anayemwamsha kutafsiri barua. Hapo hakuna treni ya 1930 ya kusingizia. Ni wanaume kunufaika, na akina mama kulinda manufaa hayo kwa sababu nao walilindiwa. Dolores Huerta, aliyezaliwa mwaka 1930 na kushiriki kuanzisha chama cha wafanyakazi wa mashambani cha California mwaka 1962, amewahi kueleza kwamba mama yake hakumlazimisha kuwatumikia kaka zake hata mara moja. Mama huyo, Alicia, aliendesha hoteli mjini Stockton na kuwapokea vibarua waliokuwa hawana pa kulala. Huerta alizaa watoto 11 na kutumia miaka mingi akiwa barabarani, akalaumiwa sana kwa kuwaacha kwa watu. Lawama hizo hakuzikwepa. Lakini ukitafuta alikopata uthabiti wa kuendelea, utafika jikoni kwa Alicia, ambako msichana hakuwa mtumishi wa mvulana. Nalo ni jambo la kurithi.

Kuna kesi moja ambayo kila anayetaka kuandika juu ya utamaduni wa wanawake hawa angepaswa kuisoma kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali ya kaunti ya Los Angeles, wanawake wa Kimeksiko waliofika kujifungua walitoka wakiwa wamefungwa uzazi. Karatasi waliwekewa mbele wakiwa katikati ya uchungu, nyingine kwa Kiingereza wasichokisoma. Wengine waliambiwa wanafungwa mirija, wakaridhia kwa sababu kwao, kama kwetu, kitu kilichofungwa kinaweza kufunguliwa. Wako waliokaa miaka wakidhani bado watazaa. Wanawake 10 walishtaki, wakisaidiwa na mwanasheria kijana, Antonia Hernández, mzaliwa wa Meksiko. Kesi ikaitwa Madrigal dhidi ya Quilligan, na hukumu ikatoka mwaka 1978.

Upande wao ulimleta mwanaanthropolojia, Carlos Vélez-Ibáñez, ambaye alikaa na wanawake hao kupima kilichowapata. Akaeleza kwamba katika jamii walizotoka, zenye asili ya vijijini, heshima ya mke ilifungamana na kuzaa, na kwa hiyo kilichofanywa hospitalini kilivunja ndoa, kilivunja urafiki, kilimtoa mtu mahali pake duniani. Alisema hivyo ili mahakama ione ukubwa wa jeraha. Jaji akayapokea maelezo hayo na kuyageuza. Kama uchungu wao umetokana na utamaduni wao, alihukumu, madaktari wangejuaje? Akasema watu hawakuelewana tu, na hakuna wa kulaumiwa. Wanawake wakashindwa.

Nikisoma tena hukumu hiyo moyo hunidunda. Utamaduni, ambao mtaalamu aliuleta kama ushahidi wa walichopoteza, uligeuzwa kuwa ndio uliowadhuru. Kisu kikatoweka kwenye hadithi. Tangu hapo nikisikia mtu anasema mwanamke fulani wa Kilatina ameshindwa kwa sababu ya mila zake, humuuliza kama ametafuta kisu. Wanawake wale 10, hata hivyo, waliacha kitu. Fomu zikaandikwa kwa Kihispania, ukawekwa muda wa kusubiri kabla ya upasuaji, na mwaka 1979 California ikafuta sheria yake ya zamani iliyoruhusu watu kufungwa uzazi katika taasisi zake. Kaunti ilikuja kuomba radhi mwaka 2018, miaka 40 baada ya hukumu. Na mabinti waliolelewa karibu na wanawake hao, walioambiwa tu kwamba hospitali si pa kuaminika bila kuambiwa kwa nini, watu wa afya huwaandika kuwa wagumu kufuata ushauri.

Kwamba desturi hizi hazibadiliki si kweli hata kidogo. Kiwango cha kuzaa cha wasichana wa Kilatina chini ya miaka 20 huko Marekani kimeshuka kwa zaidi ya nusu tangu mwaka 2007. Wasichana hao ni mabinti wa mama wale wale, na wengi bado wanaomba la bendición wakitoka.

Wala kutafuta mlango wa kutokea hakukuanza na kizazi hiki. Katikati ya karne ya 17, karibu na volkano za Meksiko, alizaliwa msichana nje ya ndoa, Juana Inés. Mama yake, Isabel Ramírez, aliendesha shamba la familia kwa miaka mingi, akazaa watoto sita na wanaume wawili bila kuolewa, na hakuweza kuandika jina lake. Mtoto alijifunza kusoma akiwa na miaka mitatu kwa kumfuata dada yake kwa mwalimu. Baadaye alimsihi mama amvishe nguo za kiume ili aende chuo kikuu. Mama alikataa. Alipofikia umri wa kuchagua, zilikuwapo njia mbili tu za heshima, na ndoa hakuitaka kabisa. Mwaka 1669 akaweka nadhiri za utawa, akawa Sor Juana Inés de la Cruz, na nyuma ya kuta hizo akapata alichokitaka: chumba chake, vitabu vyake, wino. Mwaka 1691 aliandika waraka wa kutetea haki ya wanawake kusoma. Shinikizo la wakuu wa kanisa likazidi, akaachana na vitabu, na mwaka 1695 akafa kwa tauni akiwauguza masista wenzake. Leo sura yake iko kwenye noti ya Meksiko.

Karibu miaka 300 baadaye Anzaldúa, katika Borderlands/La Frontera ya mwaka 1987, alihesabu njia alizokuta zimefunguliwa kwa mwanamke wa kwao: utawa, ukahaba, umama wa nyumbani, na kwa wachache, elimu. Kwa hiyo tangu Sor Juana ilikuwa imeongezeka moja. Anzaldúa alishika hiyo, akawa wa kwanza katika vizazi sita vya familia yake kuondoka bondeni.

Turudi kwenye mlango. Sonia Sotomayor, aliyeapishwa mwaka 2009 kuwa jaji wa kwanza mwenye asili ya Kilatina katika Mahakama ya Juu ya Marekani, amesimulia utoto wake wa Bronx katika kitabu cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 2013. Baba yake alikuwa mlevi. Sonia alipogundulika ana kisukari, kabla hajatimiza miaka minane, alijifunza kujichoma sindano mwenyewe, kwa sababu mikono ya baba ilitetemeka na mama alikuwa kazini. Alipokuwa na miaka tisa baba akafa. Mama, Celina, akajifungia chumbani gizani, siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Mpaka siku moja mtoto aliuvamia mlango ule kwa ngumi, akampigia mama kelele kwamba basi, inatosha. Na mama akatoka.

Sonia alikuja kuelewa ukubwani kilichokuwa nyuma ya mlango. Celina alizaliwa Lajas, Puerto Rico. Mama yake alikufa Celina akiwa na umri wa miaka tisa, baba alikwisha kuwatelekeza, akalelewa na kaka na dada zake, na akiwa na miaka 17, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akajiunga na jeshi la wanawake la Marekani ili atoke. Hakuna aliyewahi kumkumbatia mtoto huyo vya kutosha ajue kunavyofanywa. Sonia alikuwa amekua akiona ubaridi wa mama kama jambo linalomhusu yeye. Umri ule ule wa miaka tisa, msiba wa namna ile ile, katika nyumba mbili zilizotengwa na bahari, na hakuna aliyemwambia. Mjane huyo alilea watoto wawili kwa mshahara wa uuguzi, akajikamua kulipia seti nzima ya ensaiklopidia, na baadaye akarudi mwenyewe darasani kusomea uuguzi wa ngazi ya juu. Binti aliyepiga ngumi mlango ndiye aliyekwenda Princeton.

Mwandishi Sandra Cisneros alizaliwa mwaka 1954, huko Chicago, binti pekee kati ya kaka sita. Baba yake alikuwa fundi wa kuvika viti vitambaa, mtu wa Mexico City. Alizoea kuwaambia watu ana hijos saba. Kwa Kihispania neno hilo ni la wavulana, na pia ni la watoto wote wakichanganyika. Sisi tukisema watoto saba hakuna anayefutwa. Sandra, akiwa mdogo, alimvuta baba shati na kumnong'oneza kwamba si wavulana saba, ni sita na msichana mmoja. Baba alimruhusu kwenda chuo kikuu kwa sababu aliamini huko atapata mume. Miaka ikapita, digrii mbili, hakuna mume, na mzee akasikitika kwamba elimu yote imepotea bure. Binti alitoka nyumbani bila kuolewa, jambo ambalo kwao lilikuwa kashfa, akaandika The House on Mango Street, kilichotoka mwaka 1984. Baba hakusoma. Hakusoma Kiingereza.

Krismasi moja binti alirudi nyumbani Chicago. Mzee alikuwa mgonjwa kitandani, anatazama filamu ya zamani ya Kimeksiko. Binti alikuwa na hadithi yake moja iliyotafsiriwa kwa Kihispania na kuchapwa Meksiko, inayohusu Tepeyac, mtaa wa Mexico City alikokulia baba, ulio chini ya kilima ambako inasimuliwa Bikira wa Guadalupe alitokea mwaka 1531. Akampa. Baba akazima sauti ya televisheni, akasoma polepole mpaka mwisho, akicheka panapochekesha na kuuliza huyu ni nani, hapa ndipo pale? Alipomaliza akainua macho, akamuuliza watapata wapi nakala nyingine, za kuwapa ndugu.